Jinsi ya Kujifunza Kutengeneza Injini ya Chesi Kupitia Stockfish, Bingwa Aliyejengwa na Watu wa Kujitolea

Fungua Lichess kwenye simu yako, cheza mchezo mmoja wa chesi, kisha bonyeza sehemu ya uchambuzi. Baada ya muda mfupi utaona kila hatua yako imepimwa: hapa ulicheza vizuri, hapa ulikosea, hapa uliharibu kabisa.

Anayekusahihisha ni programu inayoitwa Stockfish. Ni mkali kiasi kwamba hakuna binadamu, hata Magnus Carlsen, anayeweza kukaa naye ubaoni akitegemea kushinda.

Sasa habari yenyewe ni hii. Stockfish ni ya bure, haina matangazo, na haikutengenezwa na kampuni kubwa. Imetengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Orodha ya majina yao ipo wazi ndani ya programu yenyewe, na imepita watu 200.

Msimbo wake wote nao uko wazi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma, kuubadilisha na kupendekeza jambo jipya. Ndiyo maana kwa mtu anayetaka kujifunza jinsi kompyuta inavyocheza chesi, au sataranji kama wazee wanavyoiita, hii ni shule isiyo na ada. Lakini ni shule yenye sheria zake, na waliozipuuza waliishia pabaya.

Injini ya chesi ni nini hasa?

Usichanganye injini na ubao unaouona kwenye skrini. Ubao, rangi na sauti ni kazi ya programu nyingine. Injini ni ubongo tu. Unaipa hali ya mchezo, inakurudishia hatua bora iliyoiona.

Ubongo huo hufanya kazi tatu:

1. Kujua hatua zote halali kwenye hali fulani ya mchezo.
2. Kutazama mbele: nikicheza hivi, yeye atajibu vipi, nami nitajibu vipi.
3. Kupima hali: nani yuko vizuri na kwa kiasi gani.

Ukizielewa hizi tatu, umeelewa injini yoyote, kuanzia ile ya mwanafunzi mpaka Stockfish. Tofauti iko kwenye ubora wa kila kazi.

Samaki wa Norway aliyepikwa Italia

Mwaka 2004, Tord Romstad wa Norway alitoa injini aliyoiita Glaurung na akaacha msimbo wake wazi. Novemba 2008, Muitaliano Marco Costalba aliuchukua msimbo huo, akaurekebisha, akautoa kwa jina jipya: Stockfish.

Jina lenyewe lilikuwa utani. Stockfish ni samaki mkavu wa Norway, na Waitaliano nao wanampenda mezani. Yaani samaki kazaliwa Norway, kapikwa Italia. Joona Kiiski wa Finland naye akaingia kwenye timu.

Angalia jambo moja hapa. Costalba hakuanza na karatasi tupu. Alianza kwa kusoma kazi ya mwenzake na kuiboresha kidogo kidogo. Romstad naye hakukasirika kuona kazi yake inapitwa. Aliiacha Glaurung na kuungana na wenzake kwenye Stockfish.

Linganisha na Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda Garry Kasparov mwaka 1997 kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa na chipu maalumu na iliweza kupitia takribani hali milioni 200 kwa sekunde. Baada ya ushindi ule haikucheza tena. Mtu wa nje hakuweza kuichukua na kuiendeleza. Stockfish ilipitia kinyume chake: mwaka 2014 Costalba alipojiondoa, mradi haukufa. Wengine waliendelea kwa sababu kila kitu kilikuwa mikononi mwa wote.

Somo la kwanza: hesabu ya 20, 400, 8,902

Anayeanza kuandika injini yake hukutana na kazi ngumu mapema kuliko anavyodhani. Siyo akili ya bandia. Ni kuifundisha kompyuta sheria za chesi bila kukosea hata moja.

Sheria zenyewe unazijua, lakini kuna vichochoro. Mfalme hawezi kujificha na ngome yake akiwa anashambuliwa. Kitunda kinaweza kumla mwenzake kwa kupita pembeni, ila kwa hatua moja tu, baada ya hapo nafasi imepita. Kete iliyomkinga mfalme haiwezi kuondoka ikamwacha wazi. Ukisahau kimoja, injini yako itacheza hatua haramu katikati ya mchezo, na wala hutajua kosa liko wapi.

Watengenezaji wana kipimo chao kinachoitwa "perft". Unaiambia injini ihesabu njia zote zinazowezekana kutoka mwanzo wa mchezo, kisha unalinganisha na majibu ambayo tayari yanajulikana:

• Hatua 1: njia 20
• Hatua 2: njia 400
• Hatua 3: njia 8,902
• Hatua 4: njia 197,281
• Hatua 5: njia 4,865,609

Ukipata 197,280 kwenye hatua ya nne, umekosea mahali. Hakuna kubembeleza. Na hapa ndipo kazi ya wengine inapokusaidia: unaiamuru Stockfish ifanye hesabu ileile, inakuonyesha idadi kwa kila hatua ya kwanza moja moja. Unalinganisha mstari kwa mstari, unashuka ngazi kwa ngazi, mpaka unaufikia mstari wenye kosa. Unakuwa na mwalimu asiyechoka, saa nane usiku, bila kumsumbua mtu.

Somo la pili: kutotazama kila kitu

Watu wengi wanadhani kompyuta inashinda kwa sababu inatazama kila kitu. Si kweli. Inashinda kwa sababu inajua kitu gani haina haja ya kutazama.

Chukua mfano. Unafikiria hatua A. Umeipitia yote na umeona kwamba hata mpinzani akijibu vizuri kabisa, mtabaki sawa. Sasa unaangalia hatua B. Jibu la kwanza la mpinzani unaloliona linachukua malkia wako bure. Je, kuna haja ya kuangalia majibu mengine 29 ya mpinzani kwenye hatua B? Hakuna. Hatua B imeshakufa. Hata kama majibu mengine yote ni mazuri kwako, yeye hatayachagua.

Mbinu hii inaitwa alfa-beta, na faida yake ni kubwa mno. Tuseme kila hali ina hatua 30 za kuchagua na unataka kutazama hatua sita mbele. Ukipitia zote ni 30 mara yenyewe mara sita, yaani hali 729,000,000. Kwa alfa-beta, ukibahatika kuangalia hatua bora kwanza kila mara, zinabaki takribani 54,000.

Neno la kushika hapo ni "ukibahatika". Ndiyo maana sehemu kubwa ya ujuzi wa injini za kisasa ni kukisia mapema hatua ipi inaweza kuwa bora ili ianze kuangaliwa. Hatua zinazokula kete huja mbele. Hatua zilizofanya kazi vizuri kwenye hali zinazofanana nazo hukumbukwa.

Kuna mtego mwingine. Tuseme injini yako inasimama kutazama mara tu baada ya malkia kula kitunda. Itafurahi: nimepata kitunda! Haioni kwamba hatua inayofuata malkia analiwa. Kwa hiyo injini nzuri haisimami katikati ya vita. Inaendelea kufuata milo mpaka ubao utulie, ndipo inapima. Mwanafunzi anayesoma injini yoyote ya wazi atalikuta jambo hili, na pengine ndipo ataelewa kwa nini injini yake ya kwanza ilikuwa inagawa malkia kama karanga.

Fishtest: mahali ambapo cheo chako hakisaidii

Mwaka 2013, Gary Linscott alianzisha mfumo unaoitwa Fishtest. Huu ndio moyo wa Stockfish mpaka leo.

Unafanya kazi hivi. Una wazo. Unabadilisha mistari michache ya msimbo na kuiwasilisha. Kompyuta za watu waliojitolea, zilizotawanyika duniani, zinaanza kuchezesha Stockfish yako dhidi ya Stockfish ya sasa. Kwanza ni michezo ya haraka, ya takribani sekunde 10 kwa kila upande na nyongeza ndogo kwa kila hatua. Ukifaulu, unaingia raundi ya pili yenye michezo mirefu zaidi, ya takribani dakika moja kwa kila upande.

Kwa nini michezo mingi hivyo? Piga hesabu. Maboresho mengi siku hizi huongeza pointi moja au mbili tu za Elo, kile kipimo cha nguvu ya mchezaji. Pointi mbili za Elo maana yake ni kupata takribani asilimia 50.3 ya pointi badala ya 50. Ukicheza michezo 1,000, unatarajia pointi 503 dhidi ya 497. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bahati ya kawaida. Anayesema "nimejaribu michezo 100 na imeshinda" hajathibitisha kitu.

Ndiyo maana jaribio moja linaweza kumeza makumi ya maelfu ya michezo. Fishtest haina idadi maalumu. Inaendelea kucheza mpaka takwimu ziseme wazi: hili ni zuri, au hili halina faida.

Na sasa sikiliza vizuri: mawazo mengi hufeli. Hata ya watu wenye uzoefu wa miaka. Wazo linaonekana la maana, maelezo yake yanavutia, wenzako wanalisifu, halafu michezo 30,000 baadaye linakataliwa. Kijana asiyejulikana akileta mstari mmoja unaofaulu, unaingia. Mkongwe akileta kurasa mbili zinazofeli, zinabaki nje.

Kwa mwanafunzi hii ni elimu kubwa kuliko msimbo wenyewe. Majaribio yaliyofeli hayafichwi. Yako wazi pamoja na yaliyofaulu. Ukitaka kujua kama wazo lako lilishajaribiwa, unatafuta. Unasoma nani alijaribu, alibadilisha nini, na matokeo yalikuwaje. Kwenye sehemu nyingi za kazi makosa huzikwa. Hapa yamewekwa rafuni kama vitabu.

Kuna na utaratibu mwingine unaofundisha nidhamu. Kila badiliko linalogusa uchezaji huandikwa pamoja na namba iitwayo "Bench". Ni idadi ya hali ambazo injini inazipitia kwenye seti ileile ya mitihani. Ukiichukua Stockfish hiyo na kompyuta yako ikatoa namba tofauti, mara moja unajua kuna kitu hakiko sawa. Ni kama namba ya risiti: inathibitisha mnazungumzia kitu kilekile.

Kupunguza nako ni kuchangia

Wanaoanza hudhani mchango lazima uwe kuongeza kitu. Stockfish inapokea pia mabadiliko ya kuondoa. Ukiona kipande cha msimbo ambacho pengine hakina kazi tena, unakitoa na kukijaribu. Michezo ikionyesha kwamba injini haijadhoofika, kipande hicho kinaenda zake.

Kwa mgeni, hii ni njia nzuri ya kuingia. Kuuliza "hiki bado kinahitajika?" kunakulazimisha kuelewa kilikuwa kinafanya nini. Na baada ya miaka mingi ya kuongeza, usafi wa namna hii ndio unaofanya programu isomeke na mtu mpya.

Wazo lililotoka kwenye mchezo wa Kijapani

Desemba 2017 kulitokea tetemeko. DeepMind, kampuni ya Google, ilitangaza kwamba programu yao AlphaZero ilicheza michezo 100 na Stockfish 8, ikashinda 28 na kutoa sare 72, bila kupoteza hata mmoja. AlphaZero haikufundishwa na binadamu mbinu za chesi. Ilijua sheria tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe.

Lakini AlphaZero haikutolewa kwa umma. Basi watu wa kujitolea wakafanya nini? Walisoma maelezo yaliyochapishwa wakaanza kujenga ya kwao. Mwaka 2018 ikazaliwa Leela Chess Zero, na aliyeianzisha ni yuleyule Gary Linscott wa Fishtest. Kompyuta za watu wa kawaida zikawa zinachezesha michezo ya mafunzo na kutuma matokeo sehemu moja.

Leela ilitumia mtandao wa neva, na ilihitaji kadi ya picha yenye nguvu. Stockfish ilikuwa ya prosesa za kawaida. Ilionekana kama njia mbili zisizokutana.

Jibu lilitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia: kwenye shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na chesi. Mwaka 2018, Yu Nasu alibuni mtandao mdogo wa neva uitwao NNUE. Ujanja wake ni rahisi kueleza. Ukisogeza kete moja, ubao mwingine wote umebaki vilevile. Kwa nini basi uanze hesabu upya? NNUE hubadilisha kwenye tabaka lake kubwa la kwanza sehemu iliyoguswa tu. Kwa hiyo inakimbia haraka hata kwenye prosesa ya kawaida.

Mjapani mwingine, Hisayori Noda, aliuleta mtandao huo kwenye Stockfish. Agosti 2020 ukaunganishwa rasmi, na Septemba mwaka huo ikatoka Stockfish 12, yenye nguvu kubwa kuliko toleo lililotangulia. Baadaye mitandao ya Stockfish ilianza kufundishwa kwa data zilizotokana na Leela, aliyekuwa mshindani wake. Na Februari 2024, toleo la 16.1 lilitoka bila ule upimaji wa zamani ulioandikwa kwa mkono na watu kwa miaka mingi. Kazi yote ya kupima ubao ikabaki kwa mitandao ya neva.

Fuata mnyororo: wazo la shogi, programu ya Norway na Italia, data za mradi uliozaliwa kwa kuiga utafiti wa London. Kama yeyote kati yao angefunga mlango, mnyororo ungekatika.

Kujifunza siyo kuiba: kesi mbili za kukumbuka

Hapa ndipo wengi huteleza. "Msimbo wa wazi" haina maana ya mali isiyo na mwenyewe.

Stockfish iko chini ya leseni ya GPL. Kwa lugha rahisi inasema hivi: tumia, soma, badilisha, hata uza ukitaka. Lakini ukiwapa watu wengine programu uliyoijenga juu yake, lazima uwape na msimbo wake kwa masharti yaleyale, na usifiche imetoka wapi. Ulipewa wazi, nawe toa wazi.

Kesi ya kwanza ni ya Rybka, injini iliyotawala miaka ya kuanzia 2007. Juni 2011 chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kilimvua mtengenezaji wake Vasik Rajlich mataji ya dunia, kikisema programu yake ilichukua kazi kutoka injini za Crafty na Fruit bila kusema. Fruit ilikuwa imetolewa wazi mwaka 2005 na Mfaransa Fabien Letouzey, na watengenezaji wengi walijifunza kutoka kwake. Rajlich alikanusha, na wapo wanaoibishania hukumu ile mpaka leo. Lakini sifa iliyochafuka haikusafishika kirahisi.

Kesi ya pili inaihusu Stockfish yenyewe. Kampuni ya Ujerumani ChessBase ilikuwa inauza bidhaa zilizojengwa juu ya Stockfish, ikiwemo Fat Fritz 2 ya mwaka 2021. Watengenezaji wa Stockfish walisema masharti ya leseni hayakufuatwa. Julai 2021 walifungua kesi Ujerumani. Novemba 2022 pande mbili zikafikia makubaliano, na ChessBase ikakubali kusitisha kwa mwaka mmoja kusambaza bidhaa zenye Stockfish.

Watu wasiolipwa walisimama mbele ya kampuni, wakiwa na karatasi moja tu mkononi: leseni. Ndiyo inayomlinda hata mchangiaji mdogo aliyeandika mistari mitatu.

Kwa hiyo mwanafunzi ashike tofauti hii. Kusoma injini ya mwenzako, ukaelewa wazo, ukaliandika upya kwa akili yako na kumtaja uliyejifunza kwake, ni sawa. Kunakili mistari yake, kubadilisha jina na kusema "nimetengeneza mwenyewe", siyo sawa. Na kwenye jamii hii watu wanajuana kwa msimbo. Utagundulika.

Unaanzia wapi kama una simu tu au kompyuta ya kawaida?

• Zungumza na injini. Tangu mwaka 2000 kuna lugha ya pamoja iitwayo UCI, inayoziunganisha injini na ubao. Unaandika "position startpos moves e2e4", kisha "go depth 10". Injini inafikiri na kujibu "bestmove". Ukijaribu hili mara moja, fumbo lote la "kompyuta inafikiri" linapungua.

• Anza na ndogo, siyo Stockfish. Stockfish imeandikwa kwa C++ na imejaa mbinu za miaka mingi. Ukiivamia siku ya kwanza utakata tamaa. Tafuta Sunfish, injini ya wazi iliyoandikwa kwa Python kwa mistari mia na ushee tu. Mtu mwenye Android anaweza kuweka Termux na Python na kuisoma hata kwenye simu, ingawa kompyuta ni raha zaidi.

• Vunja kitu. Badilisha thamani za kete. Kwa kawaida kitunda ni 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mpe farasi 6 uone injini inavyoanza kung'ang'ania farasi. Hapo ndipo namba zinageuka kuwa tabia mbele ya macho yako.

• Andika ya kwako. Hata kama ni mbovu. Ipitishe kwenye perft mpaka namba zikubali, kisha weka alfa-beta. Lichess inaruhusu injini kucheza kwa akaunti maalumu za roboti, kwa hiyo injini yako inaweza kupata wapinzani wa kweli.

• Changia kidogo kabla ya kikubwa. Ukiona maelezo yamekosewa, yasahihishe. Ukikuta hitilafu, iripoti ukieleza hatua za kuirudia. Ukiwa na kompyuta inayokaa bila kazi usiku, iazime kwa Fishtest, ila kumbuka umeme na bando ni vya kwako. Injini nyingine ndogo hutumia mfumo wa OpenBench kwa majaribio kama hayo, na huko mgeni anaweza kuzoea haraka zaidi.

• Soma mabadiliko, siyo msimbo tu. Kila badiliko lililoingia Stockfish lina maelezo yake: wazo lilikuwa nini, michezo mingapi ilichezwa, matokeo yakoje. Soma moja kila siku. Baada ya miezi michache utakuwa umekaa darasani na watu ambao hujawahi kuonana nao.

Faida inazidi chesi

Huenda hutaki kabisa kutengeneza injini. Lakini angalia alichojifunza aliyepitia njia hii: kutunza historia ya kazi yake kwa Git, kusoma msimbo wa mtu mwingine bila kudharau, kupima wazo kabla ya kujisifu, kupokea "hapana" bila kununa, na kuheshimu leseni. Hayo ndiyo mahitaji ya kazi ya programu popote, iwe ni mfumo wa benki, hospitali au duka la mtandaoni.

Na jambo la kuvutia kuliko yote ni hili. Mchezaji hodari wa chesi duniani alipatikana kwa mtu wa Norway kuacha mlango wazi, mtu wa Italia kuingia, na mamia kufuata nyuma yao, kila mmoja na pointi yake moja au mbili.

Haba na haba hujaza kibaba. Kwenye Stockfish, haba hizo zina namba, tarehe na jina la aliyezileta.